Tairi Jipya kwa Pikipiki ya Zamani: Tazama Rimu Kwanza

Tangu tulipoandika juu ya kusafisha kabureta, maswali mengi yanayotufikia ofisini yamekuwa ya matairi. Mmoja ana Yamaha DT aliyoachiwa na baba yake. Mwingine, mwalimu mstaafu, amefufua BSA iliyokaa ghalani miaka mingi, kuku wakitaga mayai juu ya kiti chake. Kikundi kimoja cha akina mama kinapeleka maziwa kwa Suzuki TF ambayo ni ya zamani kuliko baadhi ya wanachama. Wote wanauliza jambo lile lile: tairi limeisha, dukani naambiwa saizi hiyo haipo, sasa nifanye nini?

Tunajibu kwa furaha, lakini pia kwa aibu kidogo, maana sisi wenyewe tulikosea kwanza ndipo tukajifunza.

Pikipiki yetu ya kazi ni Honda XL125S ya mwanzo wa miaka ya 1980. Mbele inavaa tairi la 2.75-21, nyuma 4.10-18. Mwaka 2021 tairi la mbele lilikuwa kipara. Tukazunguka maduka siku nzima. Kila mahali kulikuwa na matairi ya inchi 17 na 18, ya boda boda. Ya inchi 21, hakuna. Jioni, katika duka moja la nyuma nyuma, mwenye duka alipanda ngazi akashusha moja lililofungwa kwa karatasi. Lilikuwa jeusi, linang'aa, meno yote yamesimama. "Hii imebaki moja pekee, mzee. Ni mpya kabisa, haijawahi kugusa barabara." Tulifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Tukalipa bila hata kuomba tupunguziwe.

Mwenye duka hakusema uongo. Lile tairi kweli halikuwa limegusa barabara. Lakini lilikuwa limekaa juu ya rafu kwa miaka 12, na sisi hatukujua mahali pa kutazama. Baada ya miezi michache, kwenye mteremko wa murramu, dereva wetu akiwa amembeba mhudumu wa afya ya jamii, ubavu wa tairi ulipasuka na tyubu ikalipuka. Dereva alivunjika mfupa wa bega. Yule mama aliumia goti na mikono, na kwa wiki sita wagonjwa wake hawakutembelewa. Tulipolifungua tairi tuliona nyufa nyembamba zimezunguka ubavu wote, kama udongo wa bwawa lililokauka. Ile rangi nyeusi iliyong'aa ilikuwa imepakwa tu.

Tairi huzeeka hata likilala

Watu wengi hudhani tairi huisha kwa kutembea tu. Sivyo. Mpira una mafuta na dawa zilizochanganywa kiwandani ili ubaki laini na usipasuke. Mwaka hata mwaka hewa, joto na jua hula zile dawa. Mpira unakuwa mgumu, unapoteza mshiko hasa kwenye maji, na ubavu, ambao ndio unaojikunja kila mzunguko, unaanza kupasuka. Duka lenye paa la mabati ambalo mchana ni kama tanuri huharakisha mambo haya.

Kwa hivyo kabla hujauliza bei, tafuta tarehe. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na nyuma yake mfululizo wa herufi na namba. Tazama tarakimu 4 za mwisho, ambazo mara nyingi zimezungushiwa umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Letu lilisoma 2209. Ikiwa upande mmoja hauna namba hizo, geuza tairi utazame upande wa pili, maana mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Ukikuta tarakimu 3 pekee, hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Mwachie mwenye duka alitundike ukutani.

Mwaka upi ni mzee? Watengenezaji kadhaa, Michelin wakiwemo, hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafikisha miaka 5 ya kutumika, na liondolewe likifika miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno bado yapo. Sisi tumejiwekea sheria yetu: tairi la mbele lisizidi miaka 3 siku ya kulinunua. La nyuma likipata pancha, pikipiki huyumba na dereva mzuri huweza kuisimamisha. La mbele likipasuka, hakuna cha dereva mzuri wala mbaya.

Pinda ubavu kwa vidole gumba vyote viwili utazame kama kuna nyufa. Bonyeza meno kwa ukucha: mpira mzuri huachia kidogo kisha hurudi. Na tairi linalong'aa sana, lifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mbele ya mwenye duka. Akikasirika, umepata jibu lako.

Usiamini tairi lililoko, amini rimu

Kosa la pili ni kwenda dukani na tairi kuukuu na kusema, "Nipe kama hii." Pikipiki ya miaka 40 imepita mikono mingi. Huenda mtu wa tatu alivalisha lililopatikana siku hiyo, na tangu hapo kila mtu amefuata kosa lake. Saizi ya kweli iko kwenye kitabu cha pikipiki, au kwenye kibandiko kilichobandikwa karibu na kifuniko cha cheni kama hakijabanduka. Kama vyote vimepotea, soma rimu, yaani ule mduara wa chuma wenye spoki. Paka mafuta kidogo, futa kutu, utaona namba zilizochapwa. Yetu ya mbele imechapwa 21x1.60, maana yake kipenyo inchi 21, na upana wa ndani, pale tairi linapokaa, inchi 1.60. Pikipiki za Kiingereza hutumia pia herufi WM: WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15.

Sasa tairi lenyewe. Mtindo wa zamani hutaja inchi tu. 2.75-21 ni upana wa inchi 2.75 kwa rimu ya inchi 21. Mtindo wa siku hizi unachanganya: 80/90-21 ni upana wa milimita 80, urefu wa ubavu ni asilimia 90 ya huo upana, na rimu bado ni inchi 21. Ajabu ya watu wa matairi ni kwamba wamehamia milimita kwa upana lakini rimu wameiacha kwenye inchi mpaka leo.

Hapa ndipo wengi wenu mtapata msaada, maana tairi likikosekana kwa inchi huenda liko kwa milimita. Badala ya 2.75-21, uliza 80/90-21. Badala ya 3.00-21, uliza 90/90-21. Badala ya 4.10-18 ya nyuma, 100/90-18 iko karibu sana. Unaweza kujihakikishia kwa hesabu. Inchi 1 ni milimita 25.4, kwa hivyo 4.10 ni kama milimita 104. Saizi za zamani zenye namba kama 4.10 au 4.60 hazina ubavu mrefu kama upana wao. Ubavu ni kama asilimia 85, yaani milimita 88 hivi. Na 100/90 ni milimita 90. Tofauti ya milimita 2 haimsumbui mtu. Lakini zile za 2.75, 3.00 na 3.25 ubavu wake hukaribia kuwa sawa na upana, kwa hivyo usichanganye hesabu hizo mbili. Kwa mwenye BSA M20 ya wakati wa vita, ambayo huvaa 3.25-19 mbele na nyuma, ushauri wetu ni kutafuta 3.25-19 ile ile. Bado kuna watengenezaji wanaolitoa kwa ajili ya pikipiki za zamani, ingawa huenda ukalazimika kuliagiza na kusubiri.

Je, tairi pana zaidi si bora? Hili tumeulizwa mara nyingi, na vijana hawapendi jibu. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa chini, na juu huvimba kama mandazi. Sehemu ya katikati peke yake ndiyo hugusa ardhi, na ukilaza pikipiki kwenye kona unakutana na ukingo mkali. Nyuma linaweza kusugua cheni au uma, na kwenye udongo mweusi linajaza matope chini ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Panda saizi moja tu juu ya ile ya kiwandani, na upime nafasi kwanza. Kidole kipite kila upande.

Jaribu la kubadilisha rimu

Baada ya ajali, fundi mmoja wa jua kali alitushauri tuachane na inchi 21 kabisa. "Mimi nitawafungia rimu ya kumi na nane hapo mbele, mtanunua tairi kila kona." Tulikubali. Ni ushauri ambao mtausikia pia, kwa hivyo tuueleze vizuri.

Gurudumu la 2.75-21 lina kipenyo cha karibu inchi 26.5 likipimwa pamoja na tairi. La 2.75-18 ni inchi 23.5. Maana yake mbele ya pikipiki inashuka inchi 1 na nusu. Inaonekana kidogo, lakini pembe ya foku inabadilika, usukani unakuwa mwepesi mno, na kwenye changarawe pikipiki inacheza cheza kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Vikanyagio vinashuka pia, vinagonga mawe. Tena gurudumu kubwa huvuka shimo ambalo gurudumu dogo hutumbukia, na ndiyo sababu wenye kutengeneza pikipiki za njia mbaya waliweka inchi 21 tangu mwanzo. Hawakuwa wajinga.

Na mita ya mwendo? Kwenye pikipiki yetu waya wake unazungushwa na gurudumu la mbele. Gurudumu likipungua, linazunguka mara nyingi zaidi, na mita inadanganya: inasoma 60 wakati unakwenda kama 53. Kilomita za petroli zote zikawa za uongo, na mhasibu wetu alidhani tumeanza kuokoa mafuta!

Tulivumilia wiki tatu. Tukarudisha rimu ya zamani, tukaagiza tairi la 80/90-21 kupitia duka linalouza vifaa vya pikipiki za mashindano ya njia mbaya. Lilichukua siku 19 kufika. Wakati huo wote kazi ilifanywa kwa baiskeli na kwa miguu. Tunasema haya kwa sababu kungoja ndilo jambo gumu. Mwenye maziwa yanayoharibika hawezi kungoja siku 19. Kwa hivyo agiza la mbele mapema, meno yakiwa bado nusu. Ubavuni mwa matairi mengi kuna alama TWI au pembe tatu ndogo. Fuata alama hiyo mpaka katikati ya meno utaona kijinundu cha mpira kwenye mfereji. Meno yakilingana nacho, limekwisha. Usingoje lifike hapo ndipo uanze kutafuta. Na usikubali lile lililochongwa mifereji upya kwa kisu. Kisu hakiongezi mpira, kinapunguza.

Meno ya namna gani

Tairi la vibonge vikubwa linashika vizuri kwenye matope na murramu iliyolowa. Kwenye lami linavuma, linaisha haraka, na kwenye mvua vile vibonge vinajipinda na kuteleza. Tairi la mifereji mirefu linakaa vizuri kwenye lami lakini kwenye udongo mweusi linageuka kuwa kinyago cha matope. Basi jiulize kwa haki: katika wiki moja, unakwenda wapi? Wengi wetu husema "njia mbaya" kwa sababu njia mbaya ndiyo tunayoikumbuka, kumbe kilomita nyingi ni za lami. Sisi tuliandika kwenye daftari kwa mwezi mmoja, tukachagua meno ya katikati, vibonge vifupi vilivyokaribiana, mbele na nyuma.

Kwa BSA na Triumph za zamani, mbele mara nyingi palivaliwa tairi la mifereji inayozunguka, na nyuma lenye vibonge. Kuna sababu. La mbele linaongoza na halivutwi na injini, kwa hivyo mifereji inasaidia lisiteleze kando. La nyuma linasukuma, linahitaji meno ya kuuma. Usiyageuze.

Pia tazama kama ubavuni kuna neno RADIAL au herufi R katikati ya saizi. Pikipiki hizi za zamani zilitengenezewa matairi ya nyuzi zilizopishana msalaba. Kuweka radial upande mmoja na la msalaba upande wa pili kunaifanya pikipiki iyumbe.

Uzito wenu wote

Baada ya saizi kuna namba na herufi, kwa mfano 45P au 59P. Namba ni uzito ambao tairi hilo moja linaweza kubeba: 42 ni kilo 150, 45 ni kilo 165, 48 ni kilo 180, 51 ni kilo 195, 59 ni kilo 243. Herufi ni mwendo wa juu: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120, P ni 150. Mwendo usikusumbue sana, XL yetu haitafika 150 hata ikianguka kutoka mlimani. Uzito ndio wa kutazama. Piga hesabu: pikipiki kilo 110, dereva 75, abiria 65, gunia 50. Jumla 300. Gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu, tuseme kilo 190 au 200, na kwenye shimo mzigo huo huongezeka ghafla. Tairi la nyuma lenye 42 halifai hapo, hata likiwa jipya jana.

Tyubu na kufunga

Rimu yenye spoki za kawaida huvuja hewa kwenye matundu ya spoki, kwa hivyo lazima iwe na tyubu. Tairi lililoandikwa TUBELESS mara nyingi huweza kuvalishwa na tyubu ndani, ila joto linaongezeka, hivyo usilikimbize. Tairi jipya livae tyubu mpya ya saizi yake. Tyubu ya zamani imeshatanuka na itajikunja, na pale inapojikunja ndipo itakapotoboka. Kabla ya kuvalisha, pitisha kidole ndani ya rimu. Ncha za spoki zilizojitokeza zipigwe tupa, na ule mkanda wa mpira unaozifunika ubadilishwe kama umeoza. Mkanda huu ni wa bei ndogo kabisa katika kazi yote, na ndio unaosahauliwa.

Paka maji ya sabuni kwenye ukingo wa tairi, si oili ya injini, maana oili hula mpira. Nyunyiza poda kidogo kwenye tyubu, ijaze upepo kidogo tu ipate umbo. Tazama mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Ukimaliza upande mmoja, sukuma ukingo uingie kwenye bonde la katikati ya rimu, mkabala na valvu, na leva itafanya kazi bila nguvu nyingi. Ukiona unapigana nayo, umekosea mahali. Usiongeze nyundo. Tairi likijaa, angalia ule mstari mwembamba karibu na rimu, uwe umbali sawa pande zote. Valvu isimame wima. Ile nati ya valvu usiikaze mpaka kwenye rimu, iache juu kidogo ikutane na kifuniko. Tairi likianza kuteleza juu ya rimu, utaona valvu imeinama, nawe utajua mapema kabla haijang'oka.

Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu au kibandiko. Kidole si kipimo. Na kilomita 150 za kwanza nenda polepole, usifunge breki ghafla wala kulaza kwenye kona, kwa sababu uso wa tairi jipya unateleza mpaka ukwaruzwe na barabara.

Lile tairi la 2009 hatukulirudisha dukani wala kuliacha nyuma ya karakana. Tulilikata kwa msumeno wa chuma vipande vitatu, hata waya wa ukingoni, maana kijana mmoja alikuwa ameshatuuliza kama anaweza kulishona upande uliopasuka.